Kwa nini damu ya mama ilirudishwa, na je, ununue sindano yako mwenyewe?

"Mama yangu ana miaka 68, ninaishi naye hapa Arua, Uganda. Ana kisukari na presha. Daktari aliagiza apimwe damu, tukaenda maabara moja ndogo mjini. Kwa kuwa mama anaogopa sindano, nilipitia duka la dawa nikanunua bomba la mililita 10 na sindano nyembamba kuliko zote walizokuwa nazo, yenye kitako cha rangi ya machungwa. Nilitaka pia niwe na hakika kwamba ni mpya, maana niliona kile kikombe cha plastiki cha kushikia sindano kinatumika kwa mgonjwa huyu na yule. Walimfunga mkono kwa glavu, wakamwambia afumbe na kufumbua ngumi, wakavuta damu kwa taabu hadi ikajaza vichupa vitatu: chekundu, zambarau na kijivu. Siku ya pili wakanipigia simu kwamba damu 'imepasuka', turudi kutoa nyingine. Mama amegoma. Anasema vichupa vitatu ni vingi mno kwa mzee, na kwamba hao wanauza damu. Vichupa vya rangi rangi vya nini? Na tukirudi, ninunue sindano iliyo bora zaidi au niwaachie watumie zao?"

Ndugu yangu, nianze na neno ambalo huenda lisikufurahishe. Kwa jinsi ulivyoeleza, pengine aliyeiharibu damu ya mama ni wewe, tena uliiharibu kwa upendo. Mimi sikuwepo chumbani, na wenzangu wa maabara nao wana fungu lao la lawama ambalo sitalificha. Lakini ile sindano ya machungwa ndipo pa kuanzia.

Rangi ya kitako cha sindano si pambo, inakwambia unene wake. Unene hupimwa kwa geji, na hesabu ya geji huenda kinyumenyume: namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba zaidi. Kijani ni geji 21, milimita 0.8 kwa nje. Nyeusi ni 22. Buluu ni 23, milimita 0.6. Hiyo yako ya machungwa ni geji 25, nusu milimita tu, na tundu la ndani ni dogo kuliko hapo. Inafaa sana kwa kuingiza dawa kidogo chini ya ngozi. Dawa ni maji, itapita. Damu si maji, imejaa chembe hai zenye ngozi laini, na wewe ulitaka mililita 10 zake zipite kwenye tundu hilo kwa kuvutwa. Jaribu kunyonya uji wa mtama kwa mrija mwembamba wa soda uone mashavu yatakavyokuuma. Mtoa damu naye alivuta bomba kwa nguvu, kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na chembe nyekundu zikasuguana na kuta za tundu zikachanika. Ndiyo maana ya "imepasuka".

Hilo halionekani kwa macho mpaka damu ya kichupa chekundu igande na kuzungushwa kwenye mashine. Hapo chembe hushuka chini na maji ya damu hubaki juu, rangi yake kama majani makavu yaliyolowekwa. Yakitoka mekundu kama maji yaliyooshea nyama, mtu wa maabara anajua mara moja kwamba chembe zimemwaga vilivyomo ndani yake.

Na kilichomo ndani ndicho kinachotia hofu. Ndani ya chembe nyekundu kuna potasiamu, chumvi inayoendesha misuli na moyo, zaidi ya mara 20 ya ile iliyomo kwenye maji yanayoizunguka. Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo cha potasiamu huwa kati ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa lita. Chembe chache zikipasuka, namba inapanda ingawa mwilini mwa mama hakuna kilichobadilika. Sasa fikiria mama yako: kisukari cha muda mrefu huchosha figo, na baadhi ya dawa za presha zinazotumika sana, kama enalapril na losartan, zenyewe zinaweza kupandisha potasiamu. Bila shaka ndiyo sababu daktari alitaka kuijua. Maabara wangeandika 6.8 wakanyamaza, daktari angemkatizia dawa au kumlaza kwa dharura isiyokuwepo. Baya zaidi, potasiamu iliyoshuka kweli ingeweza kuonekana ya kawaida. Kwa hiyo hao waliokupigia simu walikufanyia hisani. Mimi maabara ninayoiogopa ni ile ambayo haijawahi kumrudisha mtu.

Lawama yao sasa. Kwanza, fundi aliyeona sindano ya machungwa kwenye kazi hii angekwambia palepale, "Mzee wangu, hii haifai." Najua kwa nini watu hunyamaza: mteja amekuja na chake, foleni ni ndefu, na ukikataa anasema unamuuzia chako. Pili, damu iliyo ndani ya bomba hupasuliwa mara ya pili pale inapohamishwa. Vichupa hivi vimenyonywa hewa kiwandani, na kila kimoja kina nguvu yake iliyopimwa ya kuvuta damu kinayoihitaji, kisha kinaacha chenyewe. Ni mtindo uliobuniwa Marekani na Joseph Kleiner miaka ya 1940. Ukichoma kifuniko kwa sindano ya bomba, unatakiwa kuiacha chupa ivute yenyewe. Wengi wana haraka, wanasukuma bomba kwa kidole gumba, na damu inapiga ukuta wa chupa kama maji ya mferejini. Hapo hata damu iliyotoka salama mkononi inakufia.

Tatu ni ile ngumi. Karibu kila mahali utasikia "fumba, fumbua, fumba, fumbua". Misuli ya mkono inapofanya kazi huku imefungwa, humwaga potasiamu kwenye damu ya mkono huohuo, na namba inapanda bila chembe hata moja kupasuka. Kufumba ngumi mara moja na kutulia kunatosha. Na mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika 1, kwa sababu maji ya damu huchujwa nje ya mshipa, damu inayobaki inakuwa nzito, na vipimo vingi vinapotoka. Ikiwa mshipa haujapatikana katika dakika hiyo, mkono ufunguliwe, upumzike, kisha waanze upya.

Kuhusu glavu iliyotumika kama kamba, utashangaa: mimi siilaumu sana. Nimeona mipira halisi ya kufungia iliyopita kwenye mikono ya wagonjwa mwaka mzima, ina madoa ya damu, haijaoshwa hata siku moja. Glavu mpya inayotolewa kwenye boksi na kutupwa baada ya mama yako ni safi kuliko huo. Kasoro yake ni kwamba inaviringika kama uzi na kuukata mkono wa mzee ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba. Ifungwe juu ya mkono wa gauni, na ifungwe fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Sasa vichupa. Rangi ya kifuniko inaeleza kilichotiwa ndani kabla damu haijaingia, maana damu ikitoka mwilini ina mambo mawili inayoyafanya upesi: inaganda, na inaendelea kula.

Zambarau kina chumvi iitwayo EDTA, ambayo huikamata kalsiamu yote ya damu. Bila kalsiamu damu haiwezi kuganda, kwa hiyo chembe hubaki zinaelea nzima nzima na mashine inazihesabu. Kichupa hichohicho hutumika kwa kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, ambacho nadhani daktari wa mama alikitaka. Kazi ya fundi ni kukipindua taratibu mara 8 hadi 10 ili dawa ichanganyike. Kukitikisa kama chupa ya sharubati ni kuzipasua chembe.

Chekundu ni kinyume chake. Hapo tunataka damu igande, tena ipewe nusu saa au zaidi, ndipo izungushwe na maji yake yapimwe figo, chumvi na mengineyo. Mahali pengine utaona cha njano chenye ute kama jeli chini yake. Kazi ni ileile, ila jeli hutenganisha maji na chembe.

Kijivu ndicho ningependa kila mwenye kisukari akijue. Chembe nyekundu hazina habari kwamba zimeshatolewa mwilini. Zinaendelea kula sukari ndani ya chupa, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa katika chumba cha kawaida, na kwa joto la Arua mwezi wa pili zinakula kwa kasi zaidi. Damu iliyotolewa saa 4 asubuhi ikasubiri kwenye chupa nyekundu hadi saa 8 mchana inaweza kupoteza karibu robo ya sukari yake. Mgonjwa anaambiwa sukari ni nzuri, anarudi nyumbani anafurahi, kumbe ililiwa njiani. Kijivu kina fluoridi inayozizuia chembe kula. Haizizuii papo hapo, huchukua saa moja au mbili kushika sawasawa, kwa hiyo hata nayo haifai kulazwa juani kwenye kikapu cha pikipiki.

Kuna vingine ambavyo mama hakuvihitaji, kama kile cha buluu hafifu cha kupimia mgando, ambacho lazima kijae hadi kwenye alama kwa sababu dawa yake imepimwa sehemu 1 kwa 9 za damu.

Mpangilio wa kuvijaza nao una sababu, ili dawa ya kichupa kimoja isiingie kwenye kingine: chekundu hutangulia zambarau, na kijivu ni cha mwisho. Hili nililijua kwa aibu. Nilipokuwa kijana kazini, katika kliniki moja ambayo sitaitaja, nilipungukiwa na damu kwenye kichupa chekundu. Nikaona zambarau kimezidi, nikafungua nikamimina kidogo, nikijiambia damu ni damu. Majibu yalitoka potasiamu ya mtu ambaye moyo ungekuwa umesimama, na kalsiamu karibu hakuna, na mwenye damu hiyo alikuwa nje kwenye benchi anakula karanga. EDTA ya vichupa vya zambarau ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kumeza kalsiamu. Nilikuwa nimepima dawa ya kiwandani. Mkubwa wangu hakupiga kelele, alinituma tu nikamwombe yule mzee mkono wake tena na nimweleze mwenyewe kwa nini.

Nikimgeukia mama. Mililita 10 ni vijiko viwili vya chai. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita 4 hadi 5. Maji ya damu iliyotoka hurudi ndani ya siku moja au mbili, na chembe hufuata. Kwa mtoto mchanga hesabu ni nyingine kabisa, na ndiyo maana wachanga hutobolewa kisigino na kuchukuliwa matone kwenye karatasi maalumu. Lakini kwa mama yako vichupa vitatu havipunguzi nguvu. Na kama ametoka na kizunguzungu, mlaumu woga na tumbo tupu.

Hiyo habari ya kuuza damu usimcheke. Hofu hiyo ina mvi kuliko mimi na wewe. Bibi zetu wa pwani walitishana kwa mumiani, na hapa Uganda enzi za ukoloni watu walikimbia wazimamoto, "bazimamoto", wakiamini kwamba wanakamata watu usiku kuwanyonya damu. Mjibu kwa vitu anavyoweza kuviona. Damu ya kuongezewa mgonjwa hukusanywa kwenye mfuko laini wa mililita 450 wenye maji yake maalumu ya kuihifadhi, na anayeikusanya hapa nchini ni Huduma ya Damu ya Uganda, yenye makao Nakasero na kituo chake hapohapo Arua. Hawamchukui mzee wa miaka 68 mwenye kisukari hata akiwabembeleza. Damu yenye EDTA ya kichupa cha zambarau haiwezi kuongezewa mtu yeyote. Kama mama ana jirani aliyewahi kuchangia damu, amuulize ule mfuko ulikuwa na ukubwa gani.

Kikombe cha plastiki: hapo jicho lako liliona vizuri. Sindano ya vichupa ina ncha mbili. Ya mbele inaingia mshipani, ya nyuma iko ndani ya kikombe, imevikwa mpira mdogo, na ndiyo inayochoma kifuniko cha chupa. Kila mara kichupa kinapotolewa, tone dogo linaweza kubaki kwenye huo mpira au ukutani mwa kikombe. Sindano ikiwa mpya, mgonjwa anayefuata hachomwi na kitu kilichomgusa mwenzake, kwa hiyo hatari kwake ni ndogo. Siwezi kusema haipo, kwa sababu kirusi cha homa ya ini aina B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, katika damu isiyoonekana kwa macho. Hatari kubwa ni ya fundi mwenyewe, anayelazimika kufungua sindano iliyotumika kwa vidole ili abaki na kikombe. Utaratibu ulio salama ni sindano na kikombe kutupwa pamoja, kimoja kwa mgonjwa mmoja, na Marekani kurudia kikombe kumepigwa marufuku kazini. Kwetu hurudiwa kwa sababu ya bei. Ukiwaomba kikombe kipya uko tayari kulipia, hutakuwa umemtukana mtu.

Je, ununue vyako? Ada za matibabu zilifutwa kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, lakini bidhaa zikiisha kabla gari la Bohari ya Taifa ya Dawa halijafika, sote tunajua karatasi inayoandikwa: glavu, bomba, pamba. Katika hali hiyo kununua si kosa, ila nunua kilichoandikwa, na muulize fundi geji kabla hujaenda dukani. Angalia pakiti imefungwa, haijalowa, tarehe haijapita. Pakiti iliyofunguliwa "ili uone" irudishe. Lakini ikiwa maabara ina vifaa vyake vya kuvuta kwa vichupa, tumia hivyo. Sindano mpya hujihakikishia kwa kuitazama pakiti ikichanwa mbele yako na, baada ya kazi, kuiona ikidondoshwa kwenye lile boksi la njano la vyenye ncha bila kurudishiwa kifuniko chake. Hayo mawili yana thamani kuliko risiti ya dukani.

Kwa mkono wa mama ningechagua geji 21 ya kijani, au 22 nyeusi ikiwa mishipa ni midogo. Sindano ya kipepeo ya buluu, yenye mabawa mawili na mrija laini, ni nzuri kwa mishipa ya wazee inayokimbia, ikitumiwa na kichupa kidogo kinachovuta taratibu. Ni ghali zaidi. Mimi ningeitoa hiyo fedha kwa mzazi wangu endapo tu fundi amejaribu kutafuta mshipa kwa vidole akaona kweli ni mgumu. Tofauti ya maumivu kati ya kijani na machungwa ni ndogo kuliko ulivyodhani. Kinachowaka zaidi ni spiriti ambayo haijakauka. Ipakwe, iachwe nusu dakika ikauke yenyewe, isipulizwe kwa mdomo, na baada ya hapo kidole kisirudi kugusa mahali pale.

Yapo mambo ya kutosubiri jibu langu. Kama mkono uliotobolewa umevimba na kuwa na joto, unatoa usaha, au mama ana homa, mpeleke kituo cha afya leo. Vivyo hivyo akisema vidole vina ganzi au maumivu yalipita kama umeme hadi kiganjani na hayajaisha. Doa la buluu lisilouma sana litaondoka lenyewe kwa wiki moja au mbili. Ukija kushuhudia sindano iliyotumika ikiingizwa kwa mtu mwingine, huyo aende mara moja, kabla ya saa 72 kupita, akapewe dawa za kinga ya VVU na kuangaliwa kuhusu homa ya ini. Na mama akianza kulegea miguu, au moyo kwenda ovyo, msiende maabara kuanza foleni. Nendeni moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Arua, mkiwa na dawa zake zote mkononi.

Kurudi lazima mrudi, na kabla hamjatoka nyumbani piga simu uulize kama watamtoza tena. Sampuli iliyokataliwa mara nyingi hurudiwa bure, ukiuliza kwa upole. Mama anywe maji ya kutosha asubuhi hiyo, hata kama ameambiwa aje bila kula, maji hayaharibu kufunga huko na yanajaza mishipa. Vidonge vyake vya sukari asivimeze akiwa na njaa bila daktari kusema. Sindano ikitoka, pamba ikandamizwe dakika 5 mkono ukiwa umenyooka, hasa kama anatumia aspirini. Ile desturi ya kuukunja mkono ndiyo inayoacha madoa. Na ubebe chai kwenye thamosi na kipande cha muhogo, ale hapohapo kwenye benchi kabla hamjapanda boda.